UZI: Michirizi ya ngozi (tumboni, mapajani, makalioni), soma hapa kabla hujanunua kopo jingine

Mtu wa Kaunta (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu, na nyie mnaosoma kimya kimya bila kulike nawaona pia.

Mimi nasimama kaunta ya duka la dawa kutwa nzima na nikwambieni kitu, watu wanaulizia kondomu kwa sauti kubwa kuliko wanavyoulizia dawa ya michirizi. Mtu anasubiri duka litulie, anasogea mpaka kwenye kioo, afu ananong'ona "dada mna kitu cha kutoa haya mastrechi?" Na wengi wakinifikia mimi washapita kwingine kote, washauziwa kopo halina lebo wala jina la aliyetengeneza, tumbo limeshapakwa kila kitu kuanzia limau mpaka dawa ya meno. Ndo maana nimefungua uzi, naandika ninachokijua afu wenye maswali mtiririke hapo chini.

Kwanza tuelewane, mchirizi ni kovu. Kovu kabisa, ila limetokea ndani na sio juu. Ngozi ina tabaka la juu hili unaloliona na kuliosha, chini yake kuna tabaka nene lenye nyuzi za kolajeni zinazoipa uimara na nyuzi za elastini zinazoifanya ivutike na kurudi kama lastiki ya kaptula. Sasa ngozi ikivutwa haraka kuliko hizo nyuzi zinavyoweza kujipanga, au homoni zikizidhoofisha, zinakatika kule chini wakati juu ngozi bado nzima, na mwili unaziba pengo kwa kovu. Kwa hiyo unachopaka kinatakiwa kipenye mpaka huko ndo kifanye kazi, na vingi vinavyouzwa havifiki, vinalainisha tu hapo juu basi.

Pili kuna mpya na kuna wa zamani. Mpya kwa wazungu unakuja mwekundu, kwa ngozi zetu unakuja zambarau au kahawia iliyoiva au mweusi kabisa, saa nyingine unawasha na ukipitisha kidole unausikia umeinuka kidogo. Baada ya miezi kadhaa, mara nyingi ndani ya mwaka hivi au zaidi kidogo, rangi inakata, unabonyea na kuwa mweupe unaong'aa. Tofauti hii ishike maana ndo inaamua kama hela yako itafanya chochote. Mpya una nafasi ya kupungua. Wa zamani unaweza kufifishwa tu, anayekwambia atauondoa ukaisha kabisa huyo anataka hela yako.

Nani anapata? Karibu kila mtu. Wajawazito ndo wengi, tafiti zinataja kuanzia nusu mpaka asilimia 90 kutegemea walipimwa wapi. Watoto wa kike wakianza kuota matiti na kutanuka nyonga, wa kiume wanaporefuka ghafla, mtu aliyenenepa haraka, mtu wa jimu aliyejaza mabega haraka. Na ukoo una sehemu kubwa sana, kama mama na dada zako wote wanayo basi hata ukiwa mwembamba unaweza kuyapata tu, hujakosea kitu.

Haya, sasa tuje kwenye kilichonifanya niandike. Kuna michirizi inatengenezwa na dawa. Narudia, inatengenezwa. Steroidi za kupaka (dawa za kuzima muwasho na uvimbe wa ngozi) zile kali, hasa klobetasoli na betamethasoni, kazi yake halali ni magonjwa kama pumu ya ngozi na soriasisi, unapaka kidogo, siku chache, daktari akiwa anajua. Klobetasoli ni katika zile zenye nguvu kuliko zote, maelekezo yake ni usizidishe wiki mbili mfululizo wala gramu 50 kwa wiki. Sasa huku kwetu ndo inayowekwa kwenye mkorogo. Mtu anachukua losheni ya kawaida, anakamulia tyubu tatu nne za klobetasoli, anaongeza haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) na "serum" ya njano, anakoroga kwenye beseni, anapaki kwenye makopo mazuri, anaandika kung'arisha na kuondoa michirizi. Unapaka mwili mzima asubuhi na jioni, na kweli wiki za kwanza unang'aa na hata ile michirizi inafifia, unarudi kununua kopo la pili. Kinachoendelea ndani ni kwamba steroidi inazuia ngozi kutengeneza kolajeni, ngozi inazidi kuwa nyembamba, mishipa inaanza kuonekana, afu siku moja unavaa gauni la mikono mifupi unakuta kwapani na mikononi kuna mipasuko mipana kuliko hata aliyonayo mama wa watoto sita. Hiyo haifutiki. Ukiacha kupaka haiongezeki lakini iliyopo ipo.

Nikiletewa kopo dukani namwambia mteja geuza tusome. Kama ni tyubu tafuta neno linaloanzia na clobeta- au betameth- au linaloishia na -sone. Kama lebo inataja mercury, calomel au mercurous chloride hiyo ni zebaki, inaharibu figo na kwa mjamzito inavuka mpaka kwa mtoto, usiipake hata kisigino. Na kama halina orodha ya viambato kabisa basi hujui unapaka nini, wala mimi sijui. Vipodozi siku hizi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango), tangu 2019 vilipotolewa TFDA (iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa), kwa hiyo unaweza kuuliza huko kama bidhaa imesajiliwa. Hao wa kukoroga kwenye beseni hawako kwenye daftari la mtu.

Vya kutibu sasa. Kwa mchirizi mpya kuna krimu ya tretinoini, hii ni jamii ya vitamini A, inauzwa kwa cheti. Marekani mwaka 1996 walichapisha utafiti watu wamepaka ya asilimia 0.1 kwa wiki 24, urefu wa michirizi ukapungua kama asilimia 14 kwa wastani wakati waliopakwa krimu tupu yao ilirefuka. Nimeleta namba ili uone ukubwa wa matokeo yenyewe, hiyo ndo dawa yenye ushahidi na bado ni asilimia 14! Inachubua na kuunguza, na ngozi nyeusi ikiungua inaacha madoa, so unaanza na nguvu ndogo, usiku, siku moja moja ukiruka. MJAMZITO HAPAKI, anayetafuta mimba hapaki, anayenyonyesha aulize kwanza.

Kwa ya zamani kuna sindano ndogondogo za kuchoma ngozi na kuna leza, ntaeleza wakiulizwa maana nishaandika kitabu hapa. Karibuni.

Bibie Mtulivu

Asante dada kwa uzi. Mimi nina ujauzito wa miezi sita wa kwanza, tumbo bado halina kitu ila mama mkwe kanipa mafuta ya nazi na siagi ya kakao anasema nipake asubuhi mchana jioni, yeye kazaa watoto watano na hana hata mchirizi mmoja. Niendelee?

Mtu wa Kaunta

Bibie hongera. Paka tu, ni mazuri, yanapunguza kuwashwa na ukavu na mama mkwe atafurahi. Ila usipake ukiwa na matumaini kwamba yanazuia, hilo limepimwa na halijaonekana. Siagi ya kakao imepimwa Lebanoni na Jamaika, na ile ya Jamaika naipenda kuitaja maana ilikuwa na wajawazito 300 wa ngozi kama zetu, nusu wakapaka kakao nusu wakapaka losheni isiyo na kakao, tofauti haikuwa ya maana. Mafuta ya zeituni nayo Irani wameyapima, ni yale yale. Mwaka 2012 watafiti wa Cochrane (mtandao wa kupitia tafiti za tiba) wakakusanya tafiti 6 zenye wanawake karibu 800, wakasema hakuna kipakwa chenye ushahidi mzuri kwamba kinazuia.

Mama mkwe wako hana kwa sababu ya damu yake, na wewe sio damu yake 😀 angalia mama yako mzazi ndo utapata picha. Wanaopata sana ni wenye mimba wakiwa wadogo kiumri, wenye mtoto mkubwa au mapacha, na walioongezeka kilo nyingi. La kilo ndo pekee lenye mkono wako kidogo, kama ulianza na uzito wa kawaida kuongezeka kilo 11.5 mpaka 16 mimba nzima inatosha, hii ya kula kwa ajili ya wawili usiisikilize. Na usishangae yakija mwishoni kabisa, wengi wanayapata miezi mitatu ya mwisho, mtu anajisifu mwezi wa saba, wa nane anaamka nayo.

NesiMkongwe

Niongezee hapo kwa wajawazito maana nimekaa kliniki muda mrefu. Kuwashwa kwenye michirizi yenyewe, hata vipele vidogo vidogo vikianzia pale kwenye mistari ya tumbo, mara nyingi havina neno kwa mtoto, vinasumbua tu na vinaisha ukijifungua. Lakini mama akiwashwa VIGANJA NA NYAYO, hasa usiku, bila vipele, asiseme ni ngozi inavutika. Aende hospitali siku hiyo hiyo wampime ini, kuna tatizo la nyongo kwenye ujauzito linaanza hivo na linahatarisha mtoto. Nimeona wanaambiwa na majirani "ni mtoto ana nywele nyingi". Nywele gani.

Kijana wa Boda

Sasa mkuu hii ya steroidi umenigusa. Mimi sijawahi kupaka mkorogo wala sina mpango, ila nina mistari mapajani kwa ndani kuelekea kinenani, mipana kama kidole kidogo, ya zambarau. Nilikuwa na fangasi za mapajani, hii kazi unakaa juani kutwa na jinzi, jasho tupu. Duka moja walinipa tyubu wakaniambia inatibu kila kitu, ikawa nikipaka muwasho unakata siku hiyo hiyo, nikiacha unarudi mkubwa zaidi, nanunua nyingine. Imeenda hivo muda mrefu. Ndo yenyewe?

Mtu wa Kaunta

Ndo yenyewe kaka, na nyie ni wengi mno, nawaona kila wiki. Hizo tyubu za kila kitu huwa ndani kuna vitatu, dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali. Steroidi inazima muwasho kwa hiyo unadhani unapona, kumbe inashusha kinga ya ngozi pale na fangasi wanasambaa kwa raha zao, ndo maana ukiacha unarudi kwa nguvu. Na umepaka sehemu mbaya kuliko zote, kinenani na kwapani ngozi ni laini na inakunjana, dawa inanyonywa nyingi kuliko ungepaka mkononi. Pale michirizi ya dawa inakuja haraka na inakuja mipana.

Acha hiyo tyubu. Kwa wewe wa kupaka sehemu ndogo unaacha tu, jiandae muwasho utapanda siku za mwanzo. Tafuta krimu ya fangasi TUPU, klotrimazoli au tabinafini, lebo iwe na jina moja la dawa sio matatu, paka mpaka wiki mbili zipite hata baada ya ngozi kuonekana safi, kavu mapaja vizuri ukioga, badili nguo ya ndani ikilowa jasho. Kama fangasi wameenea mpaka makalioni na kiunoni nenda kwa mtu wa ngozi upewe vidonge. Mistari yenyewe itapoteza hiyo zambarau, itabaki myeupe. Kusema kweli hapo kinenani tretinoini sikushauri, patawaka moto.

Kijana wa Boda

Dah. Na wenzangu kijiweni wote wanatumia hiyo hiyo, tunaazimana kabisa. Ngoja niwatumie hii.

Mpwani Halisi

Salaam kutoka Mombasa. Dadangu mie harusi yangu iko karibu, Inshallah mwezi ujao, na nyonga na makalio yana michirizi ya zamani, myeupe. Somo wangu aniambia singo na liwa vitaitoa. Kuna mwingine saluni aniambia niparue kwa kahawa na limau halafu nikae kijua kidogo. Nifanye lipi katika haya?

Mtu wa Kaunta

Mpwani hongera sana mama. Singo fanya, liwa paka, ngozi italainika na utanukia mpaka nyumba ya tatu, ila kovu la ndani haliondoki kwa kusugua juu. Asikusugue kwa nguvu tu, ngozi yetu ikichubuliwa inajibu kwa weusi na mwezi mmoja hautoshi weusi huo kuondoka.

Limau na jua USITHUBUTU. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Maji ya limau au ndimu yakikaa kwenye ngozi afu ngozi ikapigwa jua yanaunguza, unapata malengelenge na baada ya hapo weusi wa mistari mistari unaokaa wiki hata miezi. Utaingia kwenye harusi na michirizi yako ya zamani pamoja na kuungua kupya.

Kwa mwezi mmoja hakuna dawa itakayofanya chochote cha kuonekana, nisikudanganye. Losheni nzito baada ya kuoga mwili ukiwa bado na unyevu, basi. Kama kuna nguo itaonyesha sehemu hizo kuna fondesheni za mwili zisizotoka na maji, mpambaji mzuri anazijua. Na kwa faida yako, mwanaume wako usiku ule hatakuwa anahesabu mistari.

Tajiri wa Kesho

Kuthibitisha hapo juu kama mwanaume, hatuyaoni. Na hata tukiyaona hatujali. Endeleeni.

Bibie Mtulivu

@Tajiri wengine mnayaona na mnasema mbele za watu, usiwasemee wote.

Tajiri wa Kesho

Hapo umeshinda, nakaa kimya.

Chuma cha Temeke

Wanaume tunaonyanyua chuma mbona hatusemwi? Mimi nina mistari pale kwapa linapokutana na kifua, kushoto na kulia. Kocha anasema ni dalili ya kukua, niifurahie 😂

Mtu wa Kaunta

Chuma, kocha kasema nusu. Misuli ikijaa haraka kuliko ngozi, pale mbele ya bega ndo panapasuka kwanza, na haina madhara. Ila kama kwenye hiyo jimu kuna sindano au vidonge vya kujaza, na sikuulizi hapa hadharani, hivyo navyo vinachangia, mwili unavimba kwa kasi ambayo ngozi haikupangiwa. Ukiongeza taratibu unapunguza mpya. Ya kwako kama bado ina rangi unaweza kumuona daktari wa ngozi akupe tretinoini, wewe huna shida ya mimba.

Mrembo Asiye na Jina

Jamani mimi naomba nisaidiwe bila kutukanwa. Nilitaka mwili, nilikuwa mwembamba sana nikawa nasemwa, nikauziwa vidonge vya kunenepa na kuongeza makalio, vinakuja kwenye pakti za nailoni hazina jina. Nimenenepa kweli lakini zaidi usoni na tumboni, miguu ni ile ile. Tumboni na mapajani nimepasuka mistari mipana ya zambarau, nikijigonga kidogo tu napata jeraha la bluu. Juzi presha imepimwa iko juu na nina miaka ishirini na kitu. Je nipake nini?

NesiMkongwe

Mwanangu usipake chochote, nenda hospitali kesho asubuhi na hiyo pakti mkononi. Na usikilize vizuri, USIACHE hivyo vidonge ghafla kabla hujaonana na daktari.

Mtu wa Kaunta

Namuunga mkono nesi na ngoja nieleze kwanini maana inasikika ajabu kuambiwa usiache sumu. Vidonge vingi vya kunenepesha vya mtaani huwa ni deksamethasoni, steroidi ya kumeza, wakichanganya na siproheptadini ile ya kuleta hamu ya kula. Deksamethasoni ina nguvu mara nyingi kuliko steroidi ambayo mwili wako unajitengenezea kwenye tezi zilizo juu ya figo. Ukiinywa muda mrefu tezi zinalala. Ukiacha kwa mkupuo zinakuwa bado zimelala na mwili unabaki hauna kabisa, presha inaanguka, unatapika, unaweza kufa. Daktari anakushusha dozi taratibu mpaka zinaamka.

Na hizo dalili ulizotaja, uso kuumuka, tumbo kubwa na miguu myembamba, mipasuko ya zambarau inayozidi upana wa sentimita, michubuko ya bluu, presha, hiyo ina jina, ugonjwa wa Kushingi (Cushing). Wapo wanaoipata bila kumeza chochote kwa sababu ya uvimbe kwenye tezi, kwa hiyo hata mtu ambaye hajawahi kumeza vidonge akiona mkusanyiko huo aende. Wapime na sukari. Hakuna mtu atakutukana hapa, na hospitali wambie ukweli wote wa ulichomeza, usione aibu, wanakutana nayo sana.

Mrembo Asiye na Jina

Asanteni. Naenda kesho.

Mama Muuzaji 255

Mnawaharibia watu biashara. Mimi bidhaa zangu ni asili tupu na nina wateja wanashuhudia, picha za kabla na baada zipo. Anayetaka aje inbox.

Mtu wa Kaunta

Mama Muuzaji karibu, weka hapa orodha ya viambato, sio inbox. Picha ya kabla imepigwa kwenye mwanga wa pembeni na michirizi mipya, ya baada imepigwa mwaka umepita na mwanga wa mbele, hata asiyepaka kitu angeonekana kapona maana rangi inakata yenyewe. Nasubiri orodha.

Kimya Kingi

Ulisema utaeleza sindano na leza. Mimi yangu ni ya zamani, tumboni baada ya watoto wawili. Kuna saluni Kinondoni wana ile roli yenye visindano wanapitisha tumboni, na kuna kliniki wananiambia leza. Ipi?

Mtu wa Kaunta

Haya Kimya Kingi. Visindano vinafanya kazi kwa kuijeruhi ngozi kidogo kidogo ili itengeneze kolajeni mpya, na kwa ngozi nyeusi ndo njia yenye usalama zaidi kati ya hizi mbili kwa sababu haiunguzi. Inataka kurudia mara kadhaa kwa nafasi ya wiki nne hivi, matokeo ni ngozi kuwa sawa zaidi ukiigusa na mistari kuwa myembamba, sio kufutika. Lakini saluni wanaopitisha roli ile ile kwa wateja wote, hapana kabisa. Inatoboa mpaka damu, unaongelea homa ya ini na virusi vya UKIMWI hapo. Iwe mpya, ifunguliwe mbele yako, na afanye mtu wa afya. Kama una historia ya makovu kukua na kuvimba ukitoboa sikio au ukichanjwa, sema mapema, wewe sio wa kuchomwa chomwa tumbo zima.

Leza zipo aina nyingi. Ya kuua wekundu inasaidia michirizi mipya kwa wazungu, kwetu rangi ya ngozi inaimeza ile nuru kabla haijafika inakotakiwa. Ya kuchoma ngozi kwa vitone inaweza kusaidia ya zamani ila ile ya kaboni dioksidi kwenye ngozi yetu ina tabia ya kuacha weusi. Muulize anayekupiga leza swali moja tu, umeshafanya kwa watu weusi kama mimi, nionyeshe. Akiduwaa, ondoka.

Kabla ya kutoa hela yote hiyo muone kwanza daktari wa ngozi. Muhimbili wapo, na kwa watu wa kaskazini pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya ngozi tangu 1992, wamefundisha wataalamu wa ngozi waliotawanyika mpaka mikoani, kwa hiyo uliza hospitali ya mkoa wako inawezekana yupo na hujui.

Mama wa Kidato cha Pili

Samahani nimeingia mwishoni. Mwanangu wa kiume ana miaka 15, jana anaoga nje nikaona mgongoni kwa chini karibu na kiuno ana mistari mitano sita imelala, mwekundu mwekundu, imepangana. Nikajua kapigwa fimbo shuleni. Nimemuuliza kakataa, baba yake anasema anamficha mwalimu, kesho anataka kwenda shule na mimi nina wasiwasi atapigana. Mtoto mwembamba huyu, hana hata kitambi, inaweza kuwa hii mnayoongelea?

Mtu wa Kaunta

Mama subiri kwanza, mzuie baba. Amerefuka ghafla huyu mtoto mwaka huu?

Mama wa Kidato cha Pili

Sare ya Januari suruali imeshamfika juu ya kifundo cha mguu.

Mtu wa Kaunta

Basi sikia. Vijana wa kiume wanaorefuka haraka wanapata michirizi ya kulala mgongoni kwa chini, mistari iliyopangana hivyo hivyo, na madaktari wenyewe wameandika kwamba inafanana na viboko mpaka wazazi na walimu wamewahi kushutumiwa bure. Namna ya kutofautisha, alama ya fimbo inavimba, inauma ukiibonyeza, inabadilika rangi kama jeraha na ndani ya wiki mbili inakuwa imeisha au inaisha. Na fimbo mara nyingi inaacha mistari miwili sambamba katikati peupe. Mchirizi hauumi, utakuwepo wiki ijayo na mwezi ujao, ukipitisha kidole ngozi ni laini hapo imebonyea au imeinuka kidogo sana.

Bonyeza leo jioni. Kama anaruka kwa maumivu, baba aende shule na aende na mtu mwingine mtulivu. Kama hasikii kitu, piga picha sasa uzilinganishe baada ya wiki mbili. Jambo moja tu la kuangalia kwa kijana mrefu mwembamba, kama vidole vyake ni virefu sana, macho hayaoni mbali na kifua kimeingia ndani au kimetokeza, mpeleke daktari wamsikilize moyo, kuna hali ya kurithi inayokuja na hayo yote. Kama hana hayo basi anakua tu.

Mama wa Kidato cha Pili

Nimembonyeza anacheka anasema namtekenya. Macho anaona vizuri, vidole vya kawaida. Baba yake nimemsomea hapa kanyamaza, sasa anataka nimuangalie na yeye mgongoni.